Mashine Imesema Nimemwiba Mama Yangu

Alhamisi. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, ile isiyolowesha vizuri ila inakera. Nguo nilizofua jana bado ziko kambani na sijaziendea. Sina hamu ya kitu.

Ngoja nieleze kwanza kilichotokea, kisha ndiyo nilie vizuri.

Mimi naandika makala za mtandaoni. Hapa Bagamoyo ukimwambia mtu hivyo, anakuuliza, "Haya, na kazi unafanya wapi?" Kazi naifanya hapa hapa ukumbini, laptopu juu ya stuli, bando likikata namalizia kesho. Kuna tovuti moja ya mambo ya nyumbani, mapishi, malezi na mila. Wananipa mada, naandika, mhariri anapokea. Mhariri mwenyewe sijawahi kumwona. Najua tu ni mwanamume, kwa sababu kuna siku aliomba radhi kwa kuchelewa kunijibu akasema mkewe kajifungua. Ndiyo kazi inayoendesha nyumba hii tangu tulipobaki wachache.

Kabla mhariri hajasoma, makala inapitishwa kwenye mashine ya kukagua kama umenakili. Inachukua maneno yako na kuyalinganisha na yote yaliyoko mtandaoni. Ikitoa kijani, umepita. Ikitoa nyekundu, umeiba. Haina rangi ya kusema labda.

Mara ya kwanza nilikataliwa kwa makala ya wali wa nazi. Eti imefanana mno na za wenzangu. Nilicheka peke yangu kama chizi. Sasa tui la kwanza utaliitaje kama si tui la kwanza? Wali wa nazi pwani nzima ni mmoja, tofauti ni mkono wa mpishi. Mara ya pili ilikuwa makala ya malezi, niliyoijaza methali. Nikaambiwa methali nimezinakili! Ni kweli, na aliyezitunga mwenyewe ajitokeze tumpe mkono. Mhariri akaniandikia kwa upole kwamba yeye ananielewa, lakini sheria ya mwenye tovuti ni moja: mara ya tatu akaunti inafungwa na haifunguliwi tena.

Nikasema basi, safari hii nitaandika jambo ambalo hakuna binadamu mwingine anayeweza kuwa ameliandika.

Nikaandika kuhusu mama.

Leo asubuhi makala imerudi. Nyekundu kuanzia aya ya kwanza mpaka karibu na mwisho.

Nilidhani mashine imeharibika. Nikafuata anwani waliyoniwekea, ikanipeleka kwenye ukurasa wa dada mmoja nisiyemjua, wa mji wa mbali huko bara. Kaweka picha ya mkeka, tena mkeka wenyewe wa plastiki. Chini ya picha kaandika, "Mama yangu alinifundisha kusuka ukili nikiwa mdogo." Yakaendelea maneno yangu, moja baada ya jingine, mpaka pale nilipokosea nukta. Na chini yake watu, watu wengi, wanampa pole. Mmoja kaandika kwamba mama huyo alikuwa na hekima. Yule dada kajibu, "Ahsante, namkumbuka kila siku."

Anamkumbuka kila siku!

Nilikaa nikitazama lile jibu mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe.

Maneno yale niliyaandika kwanza wakati wa arobaini ya mama, na kwenye makala niliyaweka karibu yote kama yalivyo. Mama alikuwa anasuka mikeka ya ukindu. Mkeka hausukwi mzima mzima kama watu wanavyodhani. Unasuka kwanza ukili, utepe mrefu mwembamba, unauzungusha unauweka, na ukitosha ndiyo unashonwa ukawa mkeka. Mama alisuka huku anaongea, na aliyoyaongea ndiyo niliyoyaandika. Alisema ukili ukiukaza sana mkeka unakuwa na kiburi, haukubali kukunjwa. Alisema, "Legeza kidogo, mwache aliyechoka alale." Mtu akija kununua, mama anamuuliza kwanza ni nani atakayeulalia. Ukimjibu kwamba unakwenda kuuza tu, anakutolea ule wa kawaida, mzuri unabaki ndani.

Juu ya kabati palikuwa na mkeka mmoja mweupe, hauna rangi hata uzi. Utotoni niliushusha siku ya joto nikaulalia sakafuni. Mama hakunipiga wala hakupiga kelele. Aliniinua, akaupangusa, akasema, "Huo usiulalie, una mwenyewe." Miaka yote nilidhani kuna mgeni atakuja kuuchukua. Siku mama alipofariki, mama mdogo alipanda kwenye kiti akaushusha bila kuulizwa na mtu, wakaenda nao kaburini. Hapo ndipo nilipojua mwenyewe alikuwa nani.

Yote hayo niliyaandika, nikampelekea mjomba, kaka yake mama, ndiye mkubwa wetu sasa. Alisoma kimya, akafuta macho kwa kanzu. Kisha akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu. Ila jina la mama yako litoe. Mwanamke wa watu, tena marehemu, jina lake lisitembee kwenye masimu ya watu. Weka mama tu, inatosha."

Nikalitoa. Sikubishana, na wala sikuona kuna la kubishana. Kwetu ndivyo tulivyolelewa, marehemu unamsitiri. Nikatoa na la kwangu, kwa sababu ukilijua la kwangu la mama huna kazi ya kulitafuta, na pia niliona haya kujitangaza kwenye msiba. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeyatuma kwenye kundi la ukoo, na juu yake akaongeza kwamba atakayesambaza, marehemu atapata thawabu.

Watu wetu na thawabu! Walisambaza. Miono wakasambaza, Msata wakasambaza, waliooa Tanga na walioolewa Unguja wakasambaza. Baada ya muda yalinirudia mimi mwenyewe kupitia jirani, ambaye alikuja mbio na simu mkononi akasema, "Hebu soma hii, imeniliza mpaka nimeunguza maandazi." Nikaisoma. Sikumwambia ni mimi. Nilifurahi, nikaona mama anatembea na kila anapopita anaombewa dua.

Sikujua kwamba kitu kisicho na jina, njiani kinapewa jina.

Basi leo nikamwandikia mhariri, nikamweleza yote. Akajibu upesi. Akanipa pole ya mama, akasema anaamini nisemayo, lakini mwenye tovuti anataka ushahidi kwamba mimi ndiye niliyetangulia. Ushahidi! Meseji ya kwanza kaituma mjomba. Ndani yake hamna jina la mama, hamna langu, hamna hata Bagamoyo. Tulimsitiri mama vizuri mno, hata sisi wenyewe hatuwezi kuonyesha kwamba ni wetu.

Nikaenda kwenye ukurasa wa yule dada nikaandika chini, kwa adabu, kwamba haya ni maneno ya mama yangu mzazi. Yeye hakunijibu. Alinijibu mtu mwingine: "Dada, kila mtu ana mama."

Hilo neno limenichoma na bado linanichoma.

Mhariri akanishauri njia moja, na sitamlaumu, alitaka kunisaidia. Akasema, "Badilisha maneno tu, maana ibaki ile ile. Ikitoka kijani naipokea leo leo na akaunti yako inabaki salama." Mwenye njaa hachagui mboga. Nikakaa nikaanza kubadilisha.

Pale mama aliposema "Legeza kidogo, mwache aliyechoka alale," nikaandika kwamba msukaji anashauriwa kuacha nafasi ya wastani kwa ajili ya faraja ya mtumiaji. Kiburi cha mkeka nikakigeuza ugumu wa malighafi. Pale aliponiinua sakafuni akaniambia mkeka ule una mwenyewe, nikaandika kuwa baadhi ya mikeka huhifadhiwa kwa matumizi maalumu. Kila nikibadilisha napitisha kwenye mashine. Nyekundu inapungua. Napunguza tena, inapungua tena. Nilipomtoa mama kabisa nikaweka "wanawake wa pwani", ikawaka kijani tupu.

Mhariri akafurahi kweli. "Safi sana dada. Sasa hii ndiyo kazi yako halisi."

Nilifunga laptopu nikaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Mama mdogo yuko hapa tangu juzi. Kaja kutoka Miono kwa ajili ya macho, mtoto wa jicho amemziba, hospitali wamempangia wiki ijayo. Haoni kusoma lakini mikono yake inaona, anasuka ukili siku nzima pale mkekani. Alikuwa amesikia kwamba nimemwandika dada yake. Baada ya adhuhuri akaniita, "Haya mwanangu, nisomee hicho ulichomwandikia dada."

Nikamsomea ile ya kijani. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, vidole havikusimama. Nilipomaliza akasema, "Mashallah, nzuri. Umeandika kama redioni." Kisha akauliza, si kwa kunisuta, ni kwa kutaka kujua tu, "Sasa ya dada yangu utanisomea saa ngapi?"

Nililia pale pale, mtu mzima mimi, laptopu mapajani.

Hakunibembeleza haraka. Alinisogezea kanga, akaningoja. Kisha nikafungua simu nikamsomea yale ya arobaini, yale mekundu. Hatukufika mbali. Nilipofika pale mama anapomuuliza mnunuzi nani atakayeulalia mkeka, mama mdogo aliuweka ukili chini, akashika mdomo. Akasema, "Ndiye. Huyo ndiye yeye." Ikawa sasa tunalia wawili, na kati yetu mwenye kumnyamazisha mwenzake hakuna.

Baadaye nikamsimulia habari ya yule dada wa bara na zile pole zake, na ya jina kutolewa. Nilitaka amlaumu mjomba, nikiri. Hakumlaumu. "Kaka alimsitiri dada asichezewe jina na wahuni. Hapo hakukosea," akasema. "Ila hakusema dada apewe mtu mwingine. Mtaje, mwanangu. Kaka niachie mimi, nitaongea naye."

Nikafungua laptopu nikamwandikia mhariri anitolee ile makala, isichapwe. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri, kwa sababu nikiiondoa, kinachobaki kwenye kumbukumbu ni ile nyekundu ya asubuhi, na hiyo ndiyo ya tatu. Akaandika tena, "Dada, makala imepita. Kwa nini ujifungie mlango mwenyewe?"

Nikakaa na lile swali muda mrefu kuliko nitakavyokiri mbele ya mama mdogo. Nikafikiria mwezi ujao. Nikafikiria nitawaeleza nini watu wa hapa, ambao ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuamini kwamba ninayo kazi. Nikaona aibu pia ya kurudi kuomba kazi dukani kwa shangazi yangu wa Mlingotini, ambaye alishanitabiria kwamba nitarudi. Niliandika neno moja nikalifuta, nikaliandika tena.

"Itoe."

Akajibu, "Sawa. Pole sana." Nadhani alimaanisha.

Basi akaunti yangu inafungwa kesho. Mimi si shujaa. Yule dada ataendelea kupewa pole na mimi sina la kumfanya. Mashine haitanisamehe. Na sijui mjomba ataniangalia kwa jicho gani tukionana kesho baada ya swala ya Ijumaa. Huenda nimemsitiri mama, huenda nimemfunua. Mbele ya Mungu nilichotaka ni arudi kuwa wa kwetu.

Kutakucha, na kukicha nitajua cha kufanya. Leo nafanya hili moja, hapa kwenye ukurasa wangu mwenyewe.

Mama yangu aliitwa Mwajabu binti Kondo. Kazaliwa Miono, kaolewa Bagamoyo, kasuka mikeka mpaka vidole vikakataa kunyooka. Alisema ukili ukiukaza sana mkeka unakuwa na kiburi, haukubali kukunjwa. Alisema, legeza kidogo, mwache aliyechoka alale.

Mashine ikipita hapa itasema nimenakili. Ni kweli. Nimenakili kwake.