Wakala wa Bima Akipiga Simu

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye friji, kipashe moto. Mdogo asinywe maji baridi, bado anakohoa.

Wakala wa bima akipiga simu, mwambie ~~nachukua ile ya bei nafuu~~ bado sijaamua. Ile nafuu inanilinda mgonjwa akinishtaki nikiwa bado nailipia. Nikistaafu na kuacha kulipia, shauri yangu. Ile ghali inanilinda kwa kosa la leo hata nikishtakiwa uzeeni. Nimezisoma mpaka kichwa kinazunguka, na wewe asubuhi ukaniambia, "Chagua yoyote tu."

Halafu mtoto akauliza, "Mama, kwani unapanga kukosea?" Mkacheka mpaka getini.

Mjibu wewe jioni. Mimi nikianza kumjibu ukweli, sitaweza kushika kisu cha upasuaji leo.

Mama Watoto