Wiki Mbili Bila Meno

4 Februari

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Kazi za maabara zinakwendaje? Sisi huku wazima, ila kinywa kinanitesa. Nimemaliza chupa ya tatu ya dawa ya matone. Utando mweupe unatoka, baada ya wiki mbili umerudi palepale, chini ya meno ya bandia. Sasa hata uji unaniunguza, na nguo zote zimenipwaya.

Usiniulize kama nayavua nikilala. Mzee wangu hajaniona kibogoyo tangu tuoane miaka minne iliyopita. Alinipendea tabasamu, na akijua ni la kununua ataondoka. Siwezi kubaki peke yangu tena.

Mama yako

10 Februari

Mama, shikamoo.

Pole sana. Unatibu kinywa halafu unakirudishia ugonjwa uleule! Fangasi wamejificha kwenye meno. Yatie kwenye kifurushi unitumie, dawa ya matone uendelee nayo. Mzee mwambie ukweli, Mama, hang'ati.

Mwanao

26 Februari

Mama, shikamoo. Mbona kimya? Mnaendeleaje?

Nina jambo la kukusimulia, bado mwili unanisisimka. Niliyagandamiza meno yako, taratibu, kwenye sahani ya chakula cha vijidudu, nikaiweka kwenye kabati la joto. Siku ya pili nikafungua. Mama! Kaakaa lako lote lilikuwa limeota pale, jeupe, nukta kwa nukta, hadi ule mkunjo wa katikati. Kitu kisichoonekana kimejichora chenyewe! Mkuu wetu, miaka thelathini kazini, alivua miwani akasema, "Subhanallah." Tulisimama pale kama watu walioona mwezi kwa mara ya kwanza.

Nikayasugua, nikayaloweka kwenye dawa, nikayagandamiza tena kwenye sahani mpya. Hakikuota kitu. Nimekuwekea picha za sahani zote mbili, meno na dawa. Kila jioni yavue, yasugue, yaloweke, ulale bila meno. La sivyo fangasi watarudi.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kukaa kimya, nyumba yangu ilikuwa inavunjika.

Meno yalipokuja kwako nilijifunika mdomo kwa mtandio, nikawa simsemeshi mzee. Namwandikia vikaratasi: "Chai iko mezani." "Nina mafua." Siku ya tano akatoa sanduku lake uvunguni, akaanza kukunja mashati. Akasema, "Kama umenichoka, niambie kwa mdomo wako."

Mwanangu, nikalishika lile sanduku. Nikauvua mtandio. Nikasema "sijakuchoka," na maneno yakatoka bila meno, kama ya mtoto anayeanza kusema. Nikamweleza yote, hata kwamba sijawahi kuyavua nikilala. Akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani kwenye mwanga, akatazama wekundu wa kaakaa. Nilijua namwona kwa mara ya mwisho. Akaniuliza, "Umelala na meno miaka minne, ukavumilia moto huu, kwa ajili yangu?" Machozi yakamtoka, mtu mzima yule.

Kinywa kimepona. Nakula mpaka natafuta cha kuongeza. Picha zako za sahani amezibandika ukutani na kila mgeni anahubiriwa. Meno anayasugua yeye, jioni, kwa mswaki wake maalumu, na mimi haniruhusu kuugusa.

Nalala kibogoyo, mwanangu. Nikifumbua macho asubuhi namkuta ananitazama, na bado yupo.

Mama yako