Niliandika saa tisa ikiwa bado saa sita

Jumanne. Mwihoko, manyunyu tangu asubuhi, hii baridi ya July inaingia mpaka kwa soksi. Leo ni off yangu. Nguo nilianika juzi bado iko na maji.

Sijaandika kwa hii blog karibu mwezi moja. Kwa mdomo mimi ni kama nimefungwa, wale wawili watatu mnasomanga hapa mnajua. Lakini kwa simu naweza andika pole pole na hakuna mtu amesimama nyuma yangu akingoja nimalize.

Kuna kitu nilifanya. Si kitu nzuri.

Kama hunijui, mimi ni bouncer kwa joint moja hapa Ruiru. Chini ni garden, watu wanakula nyama na watoto wao wanarukaruka, juu ni klabu. Nimesimama kwa hiyo gate miaka tatu. Nilitoka Gatuanyaga na mabega tu, shule niliwachia class six nikaenda kuchunga mbuzi za watu. Watu hufikiria hii kazi ni ya nguvu. Ni ya macho. Mtu wa fujo namjua kabla aingie, vile anafunga mlango ya gari. Sijawahi piga mteja hata moja. Mtu akianza kelele nasimama karibu yake, namwongelesha chini chini, natembea na yeye mpaka nje akidhani ni yeye ameamua kwenda.

Nilikuwa nataka kuwa in-charge. In-charge ndiye anapanga wenzake nani asimame wapi, na mvua ikinyesha yeye yuko ndani. Wanafungua tawi ingine Thika, na ilikuwa inasemwa mmoja wetu ndiye atapelekwa huko kusimamia gate. Tangu January sijakosa siku moja. Nilikuja kazi hata nikiumwa na jino.

Sasa, kuna kitabu. Kila gate iko na kitabu ya matukio, sisi tunaita OB. Kila saa unatakiwa uzunguke compound, urudi, uandike: saa ngapi, umepata nini. Kama hakuna kitu unaandika patrol done, all correct, unaweka sign. Ni laini moja.

Hiyo laini moja mimi inanichukua muda mrefu. Nikiandika watu wakiniangalia mkono inakuwa kama ya mtu mwingine. Mwaka ya kwanza wateja walikuwa wanapita nikiwa nimeinama kwa kitabu, natafuta vile correct inaandikwa. Mzee mmoja tunafanya kazi na yeye, tunamwita Sajenti ingawa hakuwahi kuwa askari, akanionyesha njia. Akaniambia, "Wewe kijana, andika siku yote mapema, ukishakula. Halafu macho yako ibaki kwa gate."

Yeye hufanya hivyo. Wote hufanya hivyo. Saa sita, tukimaliza githeri, mtu anakaa na biro anaandika saa saba, saa nane, saa tisa, mpaka jioni. All correct, all correct, all correct. Kwa miaka tatu haikuwahi kuleta shida.

Jumapili niliandika hivyo. Nikafunga kitabu nikaweka kwa meza ya gate.

Saa tisa na kitu nikasikia viti kwa garden. Si kelele, viti tu. Nikaenda. Kuna mteja mmoja anauza mawe za kujenga, lori zake ziko kila mahali, sisi tunamwita Boss wa Mawe. Alikuwa ameshika Shiru mkono.

Shiru ni waitress. Tumefanya kazi na yeye mwaka mbili. Ndiye mtu pekee hapo ndani huniletea chai kwa gate bila kuambiwa, na akiniletea ananisumbua, "Kunywa, baba, hii haihitaji uongee."

Huyo boss alikuwa anataka Shiru akae kwa mapaja yake. Shiru akamwambia ako kazi, hapana. Wale wanaume wengine kwa meza wakacheka. Nafikiri ni hiyo kicheko ilimchoma, si ile hapana. Akazungusha huo mkono kama mtu anafunga bomba. Niliuskia ukivunjika. Niko mbali hatua kama kumi na niliuskia.

Nikaingia katikati. Nikamwambia, "Boss, kuja nikuonyeshe gari yako." Akanizaba kofi. Nikamwambia tena, "Gari yako iko hapa tu, boss, twende." Nikatembea na yeye mpaka parking, nikamfungulia mlango, akaenda.

Hapo nilifanya kazi yangu vizuri. Hiyo nitasema mahali popote.

Nikarudi kwa meza ya gate nikafungua kitabu. Saa tisa, all correct. Sign yangu hapo. Chini yake saa kumi, all correct, na hata saa kumi ilikuwa haijafika. Hakukuwa na nafasi katikati ya hizo laini hata ya kuweka neno moja. Ningekata. Ningeandika upande. Lakini watu walikuwa wamejaa kwa gate, wanauliza ni nini imefanyika, na mimi nianze kutafuta vile fracture inaandikwa mbele yao?

Nikafunga kitabu.

Nikasema nitaandika jioni. Jioni nikaandika jina yangu ya kutoka kazi, nikaenda nyumbani.

Jana Gitau, meneja wetu, akaniita ofisi. Shiru alikuwa hapo amekaa, mkono kwa plasta mpaka hapa juu, uso imefura ya kukosa kulala. Kitabu ilikuwa imefunguliwa kwa meza. Kamera ya garden ilikufa tangu mvua ya April, wateja walishaenda makwao, na waiter wote walikuwa wameulizwa wakasema walikuwa jikoni. Jikoni yetu watu watatu hawatoshi.

Gitau akaniuliza, "Hii ni handwriting ya nani?"

"Yangu."

"Soma hapo saa tisa."

Nikasoma.

"Unaona, Shiru. Wewe unasema ulivunjwa na mteja. Kitabu inasema hakuna kitu. Mimi naona ulianguka na hiyo tray yako, halafu ukatusi mteja wa heshima. Kazi yako hapa imeisha."

Shiru hata hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Si ulikuwa hapo. Mwambie basi."

Nilikuwa na jibu. Lakini ningesema kitabu si ya ukweli, angeniuliza kwa nini. Ningesema niliandika saa sita. Angeuliza kwa nini unaandika saa sita. Na mwisho wa hayo maswali yote ni mimi nimesimama nikisema mbele ya Shiru sijui kuandika kama watu wengine.

Nikaangalia kalenda kwa ukuta.

Nikasema, "Iko vile imeandikwa."

Hiyo ndiyo niliisema. Nimeirudia kwa kichwa siku mbili na haibadiliki.

Shiru akasimama, akachukua kibeti na ule mkono mzima, akatoka. Hakufunga mlango. Gitau akaufunga mwenyewe, akarudi akatoa bahasha kwa droo. Barua ya Thika. In-charge, kuanzia Jumatano. Akanishika bega. "Mimi napenda mtu kama wewe. Mtu hana mdomo mingi."

Alijua. Nataka niandike hii ieleweke. Gitau alikuwa kwa balcony Jumapili, niliinua macho nikamuona. Yeye ndiye alimpigia huyo boss jioni kumuomba msamaha, cashier alimsikia akaniambia chini chini. Miaka tatu nilingoja hii barua. Nilifikiria nitaipata kwa sababu ya vile naona. Nimeipata kwa sababu ya kitu nilikataa kuona.

Nikampigia mathe. Sijui kwa nini nilimpigia. Akalia kwa simu, akasema Jumapili atasimama kanisani atoe shukrani, na leo asubuhi dada yangu amenitumia meseji hata pastor ashaambiwa.

Usiku wa jana Sajenti naye akapiga. Ashaskia. Akaniambia, "Kijana, hiyo maneno ya kitabu uwachie hapo. Ukifungua hiyo mlango si wewe peke yako utatoka. Mimi niko na watoto wawili shule." Ni mtu mzuri, Sajenti. Hiyo ndiyo inauma.

Leo nikanunua mkate na maziwa nikatembea mpaka Mwiki. Shiru anakaa kwa ploti ya mabati nyuma ya kanisa, na msichana wake wa class three. Nilimkuta anafua na mkono moja, beseni ameishika na magoti.

Akaona mkate. Akasema, "Ni matanga?"

Nikaweka hiyo mkate chini kwa kiti. Nikamwambia, "Niliandika mapema."

"Uliandika nini?"

"Kitabu. Hiyo saa tisa. Niliandika saa sita."

Akawacha nguo. Ilichukua muda nimweleze, nilianza katikati nikarudi nyuma, vile huwa nafanya. Mwishowe akacheka, si ya furaha.

"Kwa hivyo mimi navunjwa mkono saa tisa, na wewe ulishaamua saa sita hakuna kitu itafanyika."

"Wote tunafanyanga hivyo, Shiru."

"Wote hamkuitwa ofisi. Ni wewe uliitwa." Akafuta povu kwa kanga. "Na ukasoma kwa sauti, mwanaume mzima, kama mtoto ameshika Bible."

Msichana wake alikuwa kwa mlango na kitabu ya homework, ananiangalia kutoka chini mpaka juu. Watoto hupenda urefu yangu.

"Umekuja nikusamehe?" Shiru akauliza. "Sina hiyo leo. Rudi nayo."

"Sijui nimekuja kufanya nini."

"Mimi najua." Akaambia mtoto apasue karatasi katikati ya kitabu. "Kesho asubuhi naenda ofisi ya leba Thika, kwa wale wa haki za wafanyikazi. Niko na X-ray, na sina mtu. Andika vile umeniambia."

Nikamwambia siandiki haraka.

"Andika tu. Sina haraka, si nimefutwa kazi?"

Nikakaa kwa ndoo, karatasi kwa goti. Nimeandika karatasi moja nzima leo, pande zote mbili, na nguo ilikuwa imeisha kufuliwa, nikasimama nikamkamulia, nikakaa tena, nikaendelea. Nilifika mahali ya kifundo cha mkono nikakwama. Mtoto akaniambia vile inaandikwa. Shiru alisikia. Aliniangalia kidogo na nikajua ameelewa kitu yote, hata ile ya ofisi. Nikangoja aseme pole. Akasema, "Weka na jina ya huyo boss, usiandike mteja."

Nikaweka. Nikaweka kwamba niliandika saa tisa ikiwa saa sita, mimi, kwa mkono wangu. Sajenti sikumweka. Na wengine sikuweka. Jina yangu na namba ya kitambulisho chini.

Akasoma yote akaikunja. Nikadhani imeisha, akaniambia hapana. "Karatasi haitaulizwa maswali. Kesho saa mbili uwe huko na mimi."

Kesho saa mbili ndio natakiwa Thika, kwa ile gate mpya.

Nimerudi hapa nikakaa kwa kitanda na viatu. Kusema ukweli, nimekaa nikitamani apoteze hiyo karatasi. Nimetamani mtoto aimwagie chai. Nimefikiria kurudi Mwiki nimwambie nipee niongeze kitu, halafu nitoke nayo. Nilivaa hata jaketi. Watu husema ukisema ukweli unaskia mwepesi. Mimi siskii mwepesi. Naskia hasira. Kwa Gitau, kwa huyo mtu wa mawe ambaye leo ako mahali anakula, kwa Sajenti kunionyesha njia, na kwa Shiru pia, kwa nini hakungoja avunjiwe mkono mbele ya mtu ako na shule.

Nikavua jaketi. Nikaandikia Gitau meseji. Nimeiandika mara nne.

"Kesho sitafika Thika gate. Naenda leba na Shiru. Jumapili saa tisa haikuwa all correct."

Nimetuma kwanza, ndio nikaanza kuogopa. Ameisoma. Inaonyesha ameisoma tangu saa kumi na moja, na hajajibu, na hatajibu, mtu kama huyo anakujibu na kukufungia gate.

Mathe bado hajui. Nitampigia kabla Jumapili, asisimame kanisani bure. Kazi ingine sijui nitaitoa wapi, bouncer anayesema ni nani atamtaka. Nimepiga viatu rangi. Nikifika huko leba wataniuliza niongee, na sijui kama sauti itatoka, lakini nitakuwa hapo nimesimama, na kusimama najua.