Kwa Baba Tulia, Mpima Mioyo

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoanguka kwenye korido ya wodi, kitambaa cha kufutia jeli kikiwa bado mkononi mwako. Ulituacha ukiwa kazini, na kazi yako hiyo ndiyo iliyotushika mkono mwaka huu wote.

Wagonjwa walikuita Baba Tulia. Kabla ya kumgusa mtu kifuani ulipasha moto viganjani ile jeli ya kupakia kipimo cha moyo, ukamwambia, "Tulia, mwenzangu. Moyo haupendi kupigwa picha ukiwa umenuna." Alicheka, akalegea, nawe ukapata picha safi.

Katika utafiti wa magonjwa ya moyo uliofanywa hospitalini kwenu ulisimamia jambo moja bila kuchoka: kila picha isomwe na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, bila kujua jina la mgonjwa. Ulituambia mezani, "Mwambie mtu kuna simba kichakani, hata panya akipita atatimua mbio."

Lakini wewe mwenyewe hukuwahi kulala kwenye kitanda kile cha vipimo. Mama akikusihi, ulimjibu, "Sasa mke wangu, nikilala mimi, nani atashika kipimo?" Mganga hajigangi, hatukulaumu. Tulipokwisha kukuzika, majibu ya uchunguzi wa mwili wako yalisema kuwa msuli wa moyo wako ulikuwa umenenepa, na kwamba ugonjwa huo huweza kurithiwa.

Kaka mkubwa alipimwa, akaonekana mzima. Akabaki kitinda mimba wako, mkimbiaji, yule uliyemwita Bi Haraka. Alikataa katakata.

"Kapimwe, acha ubishi," kaka yake alimwambia.

"Mimi mzima. Cha kupimwa ni ulimi wako, hauna breki."

Kumbe alikuwa anaogopa. Siku aliyoshikwa na kizunguzungu mazoezini, alimwendea Mama mwenyewe: "Nisindikize."

Wenzako walijua ni binti yako, na majonzi yalikuwa bado mabichi. Wakafanya kama ulivyowazoeza: picha zake zikachanganywa na za watu wengine, bila jina. Daktari wa kwanza akasema huu ni moyo mgonjwa. Wa pili akasema ni moyo wa mkimbiaji, maana msuli unaotumika sana hunenepa.

"Sasa nimwamini nani?" Bi Haraka aliuliza.

"Usimwamini yeyote kwa sasa," daktari mkuu alimjibu. "Acha mbio kwa miezi kadhaa, kisha tupime tena. Unene wa mazoezi hupungua mtu akipumzika. Wa ugonjwa haupungui."

Baba, ile miezi! Binti yako alitembea kama aliyebeba mayai kichwani. Mama akimsikia kwenye ngazi tu, aliita, "Mwanangu, u mzima?"

"Mama, nimepanda ghorofani, sijapanda mlima!"

Walicheka wote wawili, kisha kila mmoja akaenda kufuta machozi kwake.

Picha za mara ya pili zilisomwa vilevile, bila jina. Safari hii madaktari walileta jibu moja: unene umepungua, ni moyo wa mkimbiaji. Atapimwa tena kila baada ya muda, kwa kuwa ni damu yako, lakini ugonjwa haukuonekana. Mama aliketi sakafuni palepale. Kaka, msemaji wetu, aliketi kando yake. Bi Haraka alimshika daktari mkono: "Hebu rudia, polepole."

Madaktari wale wangejua zipi ni picha zake, pengine majonzi yangewasomea badala ya macho, na mwanao angeishi akiuogopa moyo wake usio na ugonjwa.

Leo asubuhi ametoka kukimbia. Mama alisikia mlango ukifungwa. Hakwenda dirishani. Alivuta shuka, akalala tena.

Unakumbukwa na mkeo, mwanao mkubwa na mkewe, kitinda mimba wako, dada zako, na wenzako wa chumba cha vipimo.

Pumzika, Baba. Maadamu mioyo hii inadunda, hutasahaulika.