Mkwaruzo wa Wimbo wa Nne

Kaka,

Huku sote wazima, isipokuwa Baba. Daktari alimpa wiki sita, na nne zimekwisha.

Kila siku saa tisa nafunga karakana nikampigie santuri zake. Zipo arobaini na moja, tumebakiza saba. Ile ya jazi ni kama watu watano wanaogombea mlango mmoja. Ya rege haina haraka ya kufika popote, na Baba huifuata kwa kidole gumba. Yule mwanamke anayeimba muziki wa soul anaomba msamaha dakika saba nzima. Mimi ningemsamehe ya tatu.

Kazi ipo kwenye ile ya rumba, uliyoikwaruza ukiwa na miaka kumi, nikachapwa mimi. Wimbo wa nne ukifika penye mkwaruzo huruka, na Baba, ambaye jina langu limeshamtoka, hucheka: "Mtundu wangu huyo! Amerudi?" Kumbe siku zote alijua ni wewe.

Jumapili nikamletea nakala nyingine, safi, nikidhani namtendea wema. Wimbo wa nne ukapita bila kuruka. Akainua kichwa, akasubiri.

"Mtundu ameenda wapi?"

"Mimi nipo, Baba."

"Ahsante, fundi. Wewe nitafutie mwanangu."

Nimeirudisha ile mbovu. Mkwaruzo wako ni sekunde mbili, Kaka, nimeupima kwa saa. Haumtoshi. Njoo.

Mdogo wako,
niliyechapwa