Gramu mia saba za sangala wako

Mlamu wangu mpendwa,

Nimevua sangala wa kilo kumi na moja na gramu mia nne. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua: ningeanza na salamu ungeruka mistari kuutafuta uzito. Alipimwa Jumamosi asubuhi hapa Kibirizi, kwenye mizani ya Mama Sada anayetupimia samaki ufuoni, mizani ileile, mbele ya watu kumi na wanne. Niliwahesabu.

Sasa salamu. Dada yangu Zuhura, mkeo, hajambo. Yuko Rusimbi kwenye nyumba yenu na bado anafunga mlango kwa lile komeo ulilolipachika kichwa chini, amenikataza nisilirekebishe. Mimi mwili haujambo, ila kuna jambo, na ndiyo maana nakuandikia wazi, kila mtu asome. Mimi na wewe tulibishana hadharani miaka kumi na moja. Miaka miwili sasa tangu tukulaze kaburini kwenu Singida, na ubishi wenyewe haujafungwa. Siwezi kuufunga kimyakimya chumbani kwangu.

Wasiotujua na waelewe ilikuwaje. Ulikuja Kigoma ukiwa mwalimu wa jiografia, mtu wa nchi kavu. Kina cha Ziwa Tanganyika ulikijua kwa mita, na hukuwahi kuingiza hata mguu majini. Ulijifunza neno moja la Kiha, "mwakeye", salamu ya asubuhi, ukawa unaligawa hata saa kumi jioni. Wazee wa Ujiji wakakuitikia kwa adabu, kisha wakaja kucheka kibandani kwangu. Dada alikuona hivyohivyo akakupenda.

Mimi je? Nimezaliwa hatua mia moja kutoka majini. Nimeanza kwa kufagia karakana ya mtu, sikupewa hata spana. Ufundi wa mashine za boti nimeuiba kwa macho. Boti yangu ya mbao nimeiunda kwa miezi kumi na minne, msumari kwa msumari, na kila Jumapili nilikwenda nayo kutafuta sangala kwa mshipi, kwa raha yangu, bila wavu. Sangala wangu mkubwa kuliko wote alikuwa wa kilo sita na gramu mia nane. Nilijivunia.

Jumapili ya tatu baada ya harusi dada akaniambia, "Mchukue na mwenzako, aone ziwa." Nikakuchukua. Nikakukalisha benchi la nyuma karibu na mashine, mahali pa moshi. Nikakupa mshipi wa zamani, na kwenye ndoano nikaweka chambo, mgebuka mdogo hai niliyemvua mwenyewe alfajiri ile, ili usije ukasema shemeji yako mchoyo. Wewe ulikuja na bahasha ya mitihani ya kidato cha pili. Ukapitisha mshipi kwenye kidole gumba cha mguu, ukatoa kalamu nyekundu, ukaanza kusahihisha.

"Mlamu," ulisema baadaye, bila kuinua kichwa, "kuna kitu kinanivuta mguu."

"Vuta."

"Subiri nijumlishe."

"Mwalimu, vuta mshipi."

"Nane na sita kumi na nne, na saba ishirini na moja..." Ulijumlisha mpaka mwisho, ukaandika sitini na tatu, ukaizungushia duara, ukaikalia mitihani isipeperushwe na upepo. Ndipo ukavuta. Nilitaka kukutupa majini. Dakika ishirini baadaye tulikuwa tunamwingiza botini samaki ambaye mkia wake ulibaki nje ya ndoo kubwa.

Mama Sada akamtundika. Kilo kumi na moja na gramu mia mbili. Akauliza, "Nani kamvua?"

"Mwalimu," nikasema.

Akanitazama mimi. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naye."

"Ukifanya nini?"

Watu wakacheka ufuoni kote, na wewe ukacheka zaidi yao, huku umeshika kidole chako kilichochubuka. Swali lile nimeulizwa Kibirizi miaka kumi na mitatu. Mteja ananiletea mashine imekufa katikati ya safari, ana hasira, lakini bado anapata nafasi ya kuniuliza siku ile nilikuwa nafanya nini.

Kisha tukampasua uani kwa dada, na tumboni mkawa na migebuka wawili. Mmoja alikuwa na ndoano yangu mdomoni. Chambo changu. Nikawabeba wote wawili mbio hadi kwa Mama Sada: gramu mia saba. Nikarudi nikatangaza kwamba rekodi yako ni kumi nukta tano.

Dada alikuwa anakoroga ugali wa muhogo, hakugeuka. "Mimi nikienda kupimwa hospitali nimeshiba, nesi ananitoa ugali kwanza?"

"Ugali wako hukupewa na nesi. Yule mgebuka nilimtoa mimi."

"Mlamu," ukaingia wewe, kwa ile sauti yako ya darasani, "wewe ukipima injini, unamwaga mafuta?"

"Namwaga. Uzito wa injini ni bila mafuta."

Nilijiona nimeshinda, nikafurahi siku nzima. Jumapili iliyofuata nikakuta umeandika kwenye benchi la nyuma la boti yangu, kwa rangi nyeupe, 11.2. Nikaandika 10.5 juu yake kwa rangi nyeusi. Wiki iliyofuata 11.2. Hatukupanga kwamba iwe zamu kwa zamu, ilijipanga yenyewe. Pale rangi imekuwa nene kama ukucha. Uligundua kwamba nikisafiri unaweza kuandika mara mbili, ukaandika mara mbili, na nikakushtaki kwa dada. Dada akasema sisi wote wawili tukalale na njaa. Hatukulala na njaa. Alituwekea migebuka wa mawese, akatuambia tule kimya, na wewe ukanong'ona kuuliza hawa wana gramu ngapi.

Mlamu, ulipougua, benchi lilikuwa linasoma 10.5. Zamu ilikuwa yako. Wakakupeleka kwenu kutibiwa, hukurudi. Mimi nimeendesha boti ile miaka miwili na ushindi wangu nyuma ya mgongo, na nakwambia haukuwa na utamu wowote.

Nikarudi kwenye daftari. Unalijua, lile lenye jalada la bluu ulilokuwa unalisahihisha tahajia. Nimeandika humo safari mia mbili themanini na saba: kina, saa, upepo, chambo, nani kala na nani kaponyoka. Nikalikalia kama ninavyoikalia mashine iliyowashinda mafundi wengine. Kina kilijibu upesi. Kila sangala aliyepita kilo tano alikula kati ya pima nane na pima kumi na mbili, pale miamba ya kaskazini inapokatika ghafla kwenda chini, kabla jua halijavuka vilima. Mbele ya hapo kwenye kina kirefu, hakuna kitu. Karibu na ufuo, watoto tu. Nilikuwa nimepoteza nusu ya safari zangu mahali pasipo na samaki kwa sababu tu nilipapenda.

Lakini swali la pili ndilo lililonikalisha. Wakubwa sitini na wanne walikula wakaniponyoka. Mbele ya wengi wao niliandika maneno mawili: "nilivuta haraka." Na chambo kilirudi kimekwaruzwa ubavuni, hakijamezwa. Sangala humbana mgebuka kwa mapana kwanza. Anakaa naye mdomoni, anamgeuza, ndipo anammeza kuanzia kichwani. Ukivuta kabla hajamgeuza, unamnyang'anya tu. Miaka yote nilivuta mara nilipoguswa, mimi hodari, mimi mzaliwa. Na wewe ulivuta baada ya kujumlisha.

Nikaenda kwa dada nikamwomba mtihani wowote wa zamani. Ana sanduku lako zima. Nikakaa na saa ya simu, nikajumlisha alama za maswali kumi kwa mwendo wako wa mwalimu, pamoja na kuzungushia duara. Sekunde ishirini na mbili. Nilirudia mara tatu. Dada akaniuliza kinachonichekesha. Nilipomweleza, akasema, "Jumamosi tunakwenda wote."

Hajawahi kupanda boti ile toka iundwe. Alikuja na chupa ya kahawa ya Kalinzi, kanga mbili na mtihani wa mtoto mmoja ndani ya mfuko wa nailoni. Akakaa benchi lako, juu ya 10.5. Mimi nilikuwa nimejipanga: mgebuka hai wa kiganja na nusu, ndoano mgongoni kwake ili aogelee, mita mbili za mwisho nailoni nene, kwa kuwa mashavu ya sangala yana makali kama wembe, fundo kwenye mshipi kila pima. Tukatulia kwenye pima kumi. Jua lilikuwa bado nyuma ya vilima.

Mshipi ukaguswa. Mkono wangu ukaondoka wenyewe kwenda kuvuta, na dada akaushika.

"Jumlisha," akasema. Akasoma: "Swali la kwanza, saba."

"Saba."

"La pili, nne. Huyu hakusoma."

"Kumi na moja. Soma, dada."

Akasoma polepole kama wewe, na mshipi unakwenda, unasimama, unakwenda tena. Swali la kumi lilikuwa na sita. Hamsini na nane. Akachora duara hewani kwa kidole. Nikavuta, na upande wa pili ukavuta vilevile.

Dakika ishirini na sita, mlamu. Sangala akishuka nilimpa mshipi, akipumzika niliuchukua, sikuuzungusha mkononi hata mara moja. Dada alisahau kwamba anaogopa maji. Alisimama, akakaa, akasimama, akawa ananifundisha kazi. "Mpe. Mpe mshipi. Sasa chukua. Wewe, nimesema chukua." Samaki alipotokea juu ya maji akatikisa kichwa na kutumwagia wote, dada alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu uondoke, kile cha kushika mbavu. Hata mshipi ungekatika pale, safari ingekuwa imelipa. Haukukatika.

Mama Sada alimtundika, akatazama mshale, akanitazama. "Kumi na moja na mia nne," akasema. "Leo ulikuwepo."

Nilitembea kutoka Kibirizi hadi Rusimbi na samaki begani, na wala si njia fupi, na pikipiki tatu zikajitolea kunibeba bure nikakataa. Nilitaka kila mtu aone.

Uani, dada akapasua. Akaingiza mkono, akatoa mgebuka. Akatoa mwingine. Akatoa wa tatu, yule wangu, na ndoano yake. Akawalaza kwenye sinia, akanawa mikono. Nikajua kabla ya kupima, lakini nilipima. Kilo moja na gramu mia moja.

"Haya fundi," akasema. "Mwaga mafuta."

Hesabu unaiona, ulikuwa unazijua hizi. Kwa kanuni yako, wewe 11.2 na mimi 11.4: nimekushinda. Kwa kanuni yangu niliyoipigania miaka kumi na moja, wewe 10.5 na mimi 10.3: umenishinda, tena ukiwa kaburini. Nilikaa na kopo la rangi mapajani mpaka chai ikapoa. Nilijaribu kila njia. Nikasema labda migebuka wawili wa kwanza alikwisha kuanza kuwayeyusha, kwa hiyo ni nyama yake. Dada akaniacha niseme yote.

"Mwenzako hayupo wa kukubishia," akasema. "Andika unachotaka."

Hapo ndipo pakaniuma. Ungekuwepo, ningeandika 11.4 kwa tarakimu kubwa kama kiganja, ukaifuta wiki ijayo, nikaiandika tena, na tungecheka mpaka tuzeeke. Lakini fundi anayebadili kipimo siku kipimo kinapomfaa, mteja mwenyewe hayupo, huyo si fundi. Mimi jina langu nimelijenga kwa kutofanya hivyo.

Basi nimekwenda dukani nikanunua rangi nyeupe, rangi yako. Jana nimefunika 10.5 yangu na kuandika 11.2. Nakurudishia gramu zako mia saba, pamoja na chambo changu, na sizidai tena. Zamu yako ilipita miaka miwili, nimekuandikia mimi. Chini yake, kwa rangi nyeusi, nimeandika 10.3. Kanuni yangu nimebaki nayo mwenyewe.

Dada alikuja kuangalia rangi ikikauka. Akasoma, akahesabu kwa vidole, akasema, "Kwa hiyo bado una gramu mia tisa za kutafuta."

"Ninazo."

"Jumamosi nilete mtihani wa nani?"

Tumechagua wa mtoto aliyefaulu sana, ili kujumlisha kuchukue muda. Wale migebuka watatu tuliwala kwa mawese, na sahani yako dada aliiweka kwa mazoea, nikaimaliza mimi.

Pumzika, mwalimu. Kopo la rangi nyeupe limebaki nusu. Nimelifunga vizuri nikaliweka chini ya benchi la nyuma, upande wako.

Ni mimi mlamu wako, mdogo wake Zuhura,
niliyekuwepo siku ile