Klachi ya Wambui na Mguu Wangu

Jumanne, 10 Juni

Nimekamua, nimeosha madebe, chai iko kwa jiko. Ukungu haujatoka. Wambui ako chini ya pikapu tangu asubuhi, naona viatu tu. Anabadilisha raba za silinda ya klachi, ile ya chini iliyokuwa inavuja. Msichana wangu amesomea umekanika Nakuru. Cheti nimekitundika sebuleni, mahali mgeni akikaa lazima akione.

Baba yake alisema wazi jana. Pikapu ikitembea kufikia Jumamosi, chumba chetu cha barabarani ni cha Wambui, afungue gereji. Isipotembea, anampa jamaa wa dawa za mifugo. Huyo anakuja kuchukua jibu Jumamosi hiyo hiyo. Sina wasiwasi. Mtoto wangu ni mtoto wangu.

Jumatano, 11 Juni

Alimaliza kufunga jana jioni. Leo amewasha. Pedali imeanguka mpaka chini, haina nguvu, ni kama kukanyaga unga wa mandazi. Giya zinalia na hakuna inayoingia. Mama Kevo, jirani, alisikia akaja na kikombe eti anaomba chumvi. Akaniuliza kama hiyo ni gari ama tunachinja. Nilimpa chumvi kidogo sana.

Wambui anasema hewa iliingia kwa paipu alipofungua silinda. Mafuta ndiyo yanasukuma klachi. Hewa ukiisukuma inabonyea tu, kazi haifiki. Kwa hivyo hewa lazima itolewe. Nimeelewa mara ya kwanza. Kichwa niko nacho, ni karo ilikosekana.

Alhamisi, 12 Juni

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mimi kwa kiti cha dereva na gambuti zangu, yeye chini. Nakanyaga pedali, namwambia nimekanyaga. Anafungua nati ndogo ya silinda, hewa na mafuta yanatoka kwa mpira mwembamba mpaka kwa chupa. Anasema sawa. Natoa mguu. Tena. Tena. Paja linawaka.

Pedali bado iko chini. Amepapasa paipu yote, hakuna mahali panavuja. Amefungua silinda tena, raba ni nzima. Hajui ni nini.

Baba Wambui amepita hapo mara kadhaa akitikisa kichwa. Jioni akaniuliza kama gereji ni kazi ya msichana kweli. Nikamwambia chakula kiko kwa sufuria, ajipakulie. Nimekasirika.

Ijumaa, 13 Juni

Mvua. Wambui hakunywa chai. Alisema afadhali baba apatie yule jamaa chumba, yaishe. Hiyo iliniuma kuliko paja. Nilimwambia avae ovaroli, mimi natangulia kwa gari.

Safari hii alileta mpira mpya, ule unaonyesha ndani. Nikakanyaga. Akasema sawa. Nikatoa mguu. Pedali haijapanda. Tukarudia. Bado. Kisha akatoka huko chini, matope mpaka kwa nyusi.

"Mathe, nikisema sawa, wewe unafanya nini?"

"Natoa mguu. Si umesema sawa?"

"Sawa ni nimekusikia. Nati bado iko wazi."

Kumbe nikitoa mguu kabla afunge, klachi inavuta hewa irudi ndani. Ameona mapovu yakirudi kwa mpira. Tangu jana tunatoa hewa na kuirudisha, kwa bidii kabisa, mama na mtoto. Mimi nimelelewa nikijua sawa ni maneno yameisha, enda. Hawa vijana wanaisema kama kukohoa.

Alicheka mpaka akakaa kwa matope. Mimi nilicheka mpaka nikapiga honi.

Tukakubaliana mguu hautoki mpaka niskie "nimefunga". Pedali ikaanza kupanda. Niliisikia mimi wa kwanza, kwa unyayo, ikinisukuma juu ngumu. Giya ya kwanza ikaingia bila kelele. Nimelia kidogo. Ni mvua ilikuwa nyingi pia.

Jumamosi, 14 Juni

Jamaa wa dawa alikuja na futi ya kupimia rafu. Alipokuwa anasalimiana na Baba Wambui, pikapu ikapita ikipanda kilima cha kanisa na viazi nyuma, Wambui kwa usukani, giya zinabadilika kama siagi. Mama Kevo alikuwa kwa ua. Mimi ndiye nilimwita atoke aone, sifichi.

Baba Wambui aliangalia mpaka gari ikapotea machoni. Halafu akamwambia jamaa, "Pole, boss. Chumba kiko na mwenyewe."

Nani mwingine hapa Molo amezaa fundi kama huyu? Aniletee nimwone.

Jumapili, 15 Juni

Tumetoka kanisa. Baba Wambui alivua koti, akaenda kwa chumba cha barabarani peke yake. Akaanza kutoa magunia yake ya mbolea. Hakuita mtu.

Wambui alimwona. Akaenda akashika gunia upande ule mwingine. Wakalitoa nje.

Nimekaa dirishani nikiwaangalia. Chai imepoa na sijali.